Kulala juu ya uwanda wa Kundelungu na gari la nyumba: naomba ushauri kabla ya kiangazi

Papa wa Kampemba (mwanzisha uzi)

Ndugu zangu, nawasalimu kutoka Lubumbashi, hapa Kongo. Mwaka jana nilinunua Mercedes Sprinter ambayo kampuni moja ya hapa ilikuwa ikiitumia kama karakana ya kutembea, gari refu, lenye paa la juu, linalosukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Kwa muda wa miezi saba nimelifanya nyumba: nimechomelea vitanda vya chuma, nimeweka makabati, sinki, jiko la gesi, friji ndogo, betri mbili na paneli ya sola juu ya paa, na nyuma kabisa nimefunga tangi la maji la lita 300.

Nia yangu ni kuipandisha familia juu ya uwanda wa Kundelungu mara mvua zitakapokwisha, tulale huko siku tano, na tuyaone maporomoko ya Lofoi ambayo nimeyasikia tangu utotoni bila kuyaona kwa macho yangu. Tutakuwa watu sita: mimi, mke wangu, watoto watatu na mama mkwe wangu, ambaye alizaliwa upande wa Kasenga na ambaye amesema waziwazi kwamba safari hii haitaondoka bila yeye.

Naomba kuelekezwa katika mambo matatu. Kwanza, ni mwezi gani unaofaa, maana wengine wananiambia Mei na wengine Agosti. Pili, je, gari la aina hii linaweza kufika juu, au najidanganya? Tatu, ruhusa inaombwa kwa nani, kwa kuwa jirani yangu anashikilia kwamba ardhi ile ni ya serikali, na kwa hiyo kila raia anaweza kuegesha popote apendapo na kulala. Nimesoma kwamba huko Marekani watu hufanya hivyo katika vilima vya umma bila kumlipa mtu yeyote, na sioni sababu sisi tushindwe.

Fundi Ruashi

Papa, kabla ya kuuliza mwezi, lipeleke gari mzani. Nimetengeneza magari ya watu wa migodi kwa miaka mingi, na ninakuambia kwamba wengi wanaokwama porini hawakukwamishwa na matope bali na uzito walioupakia wenyewe nyumbani, siku ambayo kila kitu kilionekana chepesi kwa sababu kiliingizwa kimoja kimoja.

Tufanye hesabu pamoja. Sprinter nyingi za ukubwa huo zimeruhusiwa kilo 3,500 kwa jumla, gari lenyewe likiwa ndani ya hesabu. Likiwa tupu, tuseme lina kilo 2,050. Vitanda vya chuma vya watu sita havipungui kilo 210. Makabati, sinki na jiko ni 160. Betri mbili, friji na paneli ni 110. Maji lita 300 ni kilo 300, ongeza 20 za tangi lenyewe. Lita 60 za mazuti (dizeli) ya akiba ni kama kilo 50. Watu sita, hata watoto wakiwa wembamba, ni 390. Magodoro, mablanketi, vyombo na chakula ni 200, na zana pamoja na tairi mbili za akiba ni 100. Jumla ni kilo 3,590. Umeshazidisha kilo 90 kabla mama mkwe hajaleta kikapu chake, na wote tunajua kwamba atakileta.

Kibaya zaidi ni mahali uzito ulipokaa. Tangi lako liko nyuma ya ekseli ya nyuma, kwa hiyo linaielemea ekseli hiyo na wakati huohuo linainyanyua pua ya gari, na usukani unakuwa mwepesi wakati unapouhitaji uwe mzito. Tangi literemshwe, likae chini kabisa katikati ya ekseli mbili, na liwe na vizuizi ndani ili maji yasikimbie huku na huko kwenye kona. Vitanda vya chuma vitoe. Mbao nyepesi zenye fremu ya bomba jembamba zitakupunguzia kilo 120, na hakuna atakayelala vibaya zaidi.

Kuhusu kupanda, jibu langu ni hapana. Gari hilo litakufikisha hadi chini ya mwinuko, ikiwa utakwenda polepole na kiangazi kimeshika. Zaidi ya hapo unahitaji gari linalovuta kwa magurudumu manne, lenye gia ya chini na tumbo lililo juu ya mawe. Usidhani kwamba nguvu ya injini itakuokoa. Injini isiyo na turbo hupoteza takribani sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kimo, na hapa Lubumbashi tuko tayari kwenye mita 1,200. Yenye turbo huvumilia zaidi, lakini turbo haiongezi kimo cha tumbo la gari.

Mwisho, weka wavu wa chuma wenye matundu madogo mbele ya rejeta. Majani ya huko hukua marefu kuliko mtu, na mbegu zake hujaza rejeta katika muda wa saa moja hadi injini inachemka huku dereva akilaumu pampu ya maji. Majani hayohayo hunasa juu ya ekzosi, hukauka, kisha huwaka. Kila mnaposimama, mtu mmoja alale chini achungulie na kuyaondoa kwa fimbo. Na usiegeshe kamwe juu ya majani makavu wakati ekzosi ingali moto, hata kama kivuli kinakuita.

Papa wa Kampemba

Fundi, nimekuelewa, ingawa vitanda vile nimevichomelea kwa mikono yangu. Kesho nitalipeleka gari mzani wa malori. Ila naona umeamua kwamba nihitaji gari la pili, na hilo sikulipanga.

Mama Kamalondo

Papa wa Kampemba, gari la pili unalihitaji kwa sababu nyingine ambayo Fundi, kwa kuwa ni fundi, hakuiona. Unataka kulala siku tano ndani ya sanduku moja na mama mkwe wako? Katika desturi zetu nyingi za hapa Katanga, mkwe na mama mkwe hawali sahani moja wala hawapitani kwa karibu bila haya, na wewe unamtengea kitanda umbali wa mkono kutoka kwako. Huenda asiseme neno, lakini hatalala. Mpatie hema lake, zuri, lenye turubai nene chini, alale na mjukuu wa kike, na mlango wake ugeukie upande mwingine. Hapo utakuwa umepunguza mzigo wa aina mbili.

Sasa baridi. Watu wa mjini wanaposikia Kundelungu hufikiria jua la kiangazi. Mwezi wa Juni na wa Julai, hata hapa mjini asubuhi tunavaa makoti, na uwanda ule uko juu yetu kwa mita mia kadhaa, hauna miti mingi ya kuzuia upepo, na mbingu ikiwa wazi usiku joto lote hupaa. Chukua blanketi mbili nzito kwa kila mtu na kofia ya sufu kwa kila mtoto. Godoro lisilale juu ya bati tupu, kwa maana baridi ya chini ndiyo inayomwamsha mtu saa tisa za usiku.

Na hapa naomba unisikilize kuliko mahali pengine popote. Usiingize mbabula, yaani jiko la makala (makaa), ndani ya gari. Najua itakavyokuwa: mmemaliza kula, makala bado mekundu, watoto wanatetemeka, na mtu mmoja anasema tuiingize kidogo tu, tuifunge milango, tupate joto. Makala yanayokufa polepole hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na gari lililozibwa vizuri dhidi ya vumbi limezibwa vizuri pia dhidi ya hewa safi. Aliyelala hasikii chochote, wala haamki. Nilipokuwa msichana tuliwazika watu wa nyumba moja katika mtaa wetu kwa sababu hiyo, na mbabula yao ilikuwa ndogo kuliko sufuria. Jiko lako la gesi nalo lizimwe kabla ya kulala, na dirisha moja lisifungwe kabisa. Joto litafuteni kwa chupa za maji ya moto zilizofungwa kwa kitambaa.

Kwa chakula, kilo 10 za unga wa bukari (ugali) zinatosha watu sita kwa siku tano, hata kama watoto watakula kama vijana wa migodini. Maharage yapike nyumbani, uyagandishe, uyapeleke katika friji. Huko juu maji huchemka kwa nyuzi 94 au 95, kwa hiyo maharage makavu yatakumalizia gesi na bado yatabaki magumu. Sombe (majani ya muhogo) iliyopondwa iliwe siku ya kwanza. Samaki wakavu na dagaa hawana shida na mtu. Nyanya zibebwe mbichi, zitaiva njiani.

Maji ya tangi lako, yaani lita 10 kwa mtu kwa siku, naona ni anasa ya bafuni. Lita tano za kunywa na kupikia zisiguswe, lakini za kuoga na kuoshea vyombo zinaweza kutoka mtoni. Mabaki ya sabuni myamwage mbali na mto, kwa sababu chini ya kila mto kuna kijiji kinachoyanywa.

Mwalimu wa Likasi

Nimesubiri kuona kama mtu atalijibu swali la tatu, la ruhusa, na kwa kuwa hakuna, nitalijibu mimi, nikianza na jirani yako, ambaye ana ukweli nusu.

Ni kweli kwamba sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Dola, mali ambayo haiuzwi wala haihamishwi. Lakini kutokana na maneno hayo haifuati kwamba ardhi haina mwenyewe wa kuulizwa. Vijiji vinaishi juu yake kwa haki zao za desturi, vina mashamba yaliyopumzishwa ambayo kwa macho ya mgeni ni pori tupu, vina makaburi, vina miti ambayo viwavi wake huvunwa na ukoo fulani kwa msimu fulani. Mtu akifika na gari kubwa na kuegesha bila salamu, hatavunja kifungu cha sheria ninachokijua, lakini atakuwa ameingia nyumbani kwa watu kupitia dirishani. Nendeni kwanza kwa shefu wa kijiji. Msimame nje mpaka mkaribishwe, mke wako na mama mkwe wako wakiwapo, mseme mmetoka wapi, mnakwenda wapi, na mtalala siku ngapi. Zawadi ndogo, sukari, chumvi, sabuni, ni ya adabu. Mama mkwe aliyezaliwa upande ule ndiye atakayezungumza vizuri kuliko sote, na kwa sababu hiyo peke yake ningempa kiti cha mbele.

Jambo la pili ni kwamba sehemu unayoikusudia ni hifadhi ya taifa. Kundelungu ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1970, na inasimamiwa na ICCN, taasisi ya Kongo ya kuhifadhi mazingira, kama ilivyo Upemba, dada yake mkubwa iliyoanzishwa mwaka 1939. Kwa hiyo utaomba kibali mjini kabla ya kuondoka, utalipa kinacholipwa, utadai risiti, na utakubali kuongozana na mlinzi. Usimwone mlinzi kama gharama. Yeye ndiye anayejua daraja lipi la miti limeoza tangu mvua za Machi. Chukua nakala tano za kila karatasi: kibali, kadi ya gari, bima, vinyeti (stika za kodi ya gari), vitambulisho. Kwenye kizuizi cha barabarani toa nakala, si hati yenyewe, na usipige picha ya kizuizi, daraja wala mtambo wowote wa umeme.

Tatu ni usalama, na nitasema wazi. Ukiwa juu, mtu atakushawishi uendelee kaskazini kuelekea Mitwaba, kwa kuwa ramani inaonyesha njia. Eneo la kati ya Mitwaba, Manono na Pweto liliwahi kuitwa pembetatu ya mauti kwa sababu ya vikundi vyenye silaha, na hali ya maeneo kama hayo hubadilika upesi kuliko habari zake zinavyotufikia. Waulize watu waliotoka huko wiki hiyohiyo. Ukisikia wasiwasi katika sauti zao, geuza gari, na maporomoko utayaona mwaka mwingine.

Kuhusu mwezi, wote waliokushauri wana sababu. Maporomoko ya Lofoi, ambayo wengine huyaita Kaloba, huanguka zaidi ya mita 300 kwa mruko mmoja, lakini mto wenyewe si mkubwa, nao hupungua sana kadiri kiangazi kinavyosonga. Ukienda Septemba utaona ukuta wa mwamba wenye uzi mwembamba wa maji, na moshi wa mioto ya nyika utakuwa umelifunika bonde la Lufira. Ukienda Aprili, maji yatakuwa mengi na barabara itakuwa maji pia. Mimi ningechagua wiki ya mwisho ya Mei au ya kwanza ya Juni. Wenye watoto wa shule watasema likizo haijaanza, na mimi niliyefundisha miaka ishirini na sita nasema siku tatu za kukosa darasa kwa ajili ya Lofoi si dhambi kubwa.

Mtoto wa Kenya

Nawasalimu wote. Mimi ni mtoto wa komini ya Kenya, mtaa wa Lubumbashi, ila sasa ninaishi Arizona, na kwa kuwa Papa ametaja Marekani, niruhusuni nieleze jinsi mambo yalivyo huku, kwa maana wengi huyasikia nusunusu.

Ni kweli kwamba kuna ardhi kubwa ya serikali kuu katika majimbo ya magharibi, na sehemu yake inasimamiwa na idara iitwayo Bureau of Land Management. Mahali pengi katika ardhi hiyo mtu anaweza kulala bila malipo, bila bomba, bila choo na bila taa. Lakini si holela. Kwa kawaida unaruhusiwa siku 14 ndani ya kipindi cha siku 28, kisha lazima uhame. Unatakiwa kutumia njia zilizokwisha kuwapo na mahali ambapo wengine walishaegesha, si kufungua uwazi mpya. Kinyesi cha gari hakimwagwi porini hata kidogo, bali hubebwa hadi kituo maalumu cha kumwagia. Wakati wa ukavu moto hupigwa marufuku, na anayewasha huadhibiwa. Kwa hiyo hata huku, anayesema ni ardhi ya umma nifanye nitakavyo hajasoma tangazo lililo mbele yake.

Nilichojifunza kwa aibu ni hiki. Mara ya kwanza nilikodi gari la nyumba la futi 28 nikalipeleka kwenye vilima kwa kufuata ramani ya simu. Njia ilianza pana, ikawa ya gari moja, kisha ikawa na mtaro uliochimbwa na mvua. Hakukuwa na mahali pa kugeuza. Nilirudi nyuma kwa kilomita mbili na nusu, mke wangu akitembea nyuma ya gari na tochi, na ngazi ya nyuma niliing'oa kwenye mwamba. Tangu siku hiyo nina kanuni: gari kubwa husimama kwanza mahali penye nafasi ya kugeukia, mtu hutangulia kwa miguu au kwa gari dogo, na kama haoni mahali pengine pa kugeukia, gari kubwa halisogei. Wazee wengi wa huku hufanya hivyo, nyumba hukaa bondeni, na vilimani hupanda na gari jepesi lenye hema.

Tena, jaribuni usiku mmoja karibu na nyumbani. Usiku huo mtagundua kwamba kifungulia makopo hakipo, kwamba pampu ya maji hupiga kelele kila mtoto anapokunywa, na kwamba betri haifiki asubuhi. Papa, betri ya asidi ya saa-ampea 100 usiitumie zaidi ya nusu, yaani kama wati-saa 600, na friji ndogo inaweza kumaliza 400 au 500 kwa siku. Betri ya kuwashia injini ijitegemee kabisa.

Fundi Ruashi

Nakubaliana na Mtoto wa Kenya, isipokuwa kwamba huko Arizona ukikwama unapiga simu. Huku, ukivuka vijiji vya mwisho, simu huwa tochi. Kwa hiyo: kamba ya kuvutia, majembe mawili, mbao mbili nene za kuweka chini ya jeki, pampu ya upepo na kipimo chake. Njia ya mchanga ikikushinda, punguza upepo wa tairi kabla ya kuanza kuchimba, na uurudishe mara utakapofika kwenye ardhi ngumu. Mazuti ya akiba yachujwe kwa kitambaa safi, kwa kuwa tone la maji linaweza kuua pampu ya sindano. Na wakati wa kushuka, shuka kwa gia ileile ambayo ungepandia. Breki si za kukanyagwa mfululizo kwa nusu saa.

Papa wa Kampemba

Ndugu zangu, nimerudi na aibu kidogo. Mzani wa malori umesoma kilo 2,880 bila watu, bila chakula, bila magodoro na vyombo, bila zana na tairi za akiba, na bila mazuti ya akiba, lakini tangi likiwa limejaa. Fundi alikosea kwa kilo 30 tu bila kuliona gari.

Vitanda nimevikata. Nilivitazama siku mbili, kisha nikavikata. Tangi limehamia katikati, na nimekubaliana na shemeji yangu, ambaye ana Land Cruiser ya zamani yenye injini isiyo na turbo, kwamba atakuja nasi kwa sharti kwamba mazuti ya magari yote mawili ni juu yangu. Hesabu yangu ni kilomita 550 kwa kila gari, nikiweka ndani njia za kurudi nyuma na za kupotea. Kwa lita 17 kwa kilomita 100 napata lita 94 kwa gari, na nimeongeza 30 za hofu.

Mpango ni huu. Tutaondoka Lubumbashi Alhamisi saa kumi na moja alfajiri kwa barabara ya Kasenga, ili tuwe tumefika kijiji cha chini ya mwinuko kabla ya saa tisa mchana, kwa kuwa jua la Juni huzama kwenye saa kumi na mbili na sitaki kutafuta mahali pa kuegesha gizani. Usiku wa kwanza na wa mwisho tutalala kijijini, kwa ruhusa ya shefu. Sprinter itabaki hapo siku zote, ikiwa na kijana wa kuilinda ambaye malipo yake tutayapanga mbele ya shefu mwenyewe. Usiku tatu za katikati tutakuwa juu na Land Cruiser, mahema matatu na lita 120 za maji ya kunywa na kupikia. Mlinzi wa hifadhi atakaa mbele. Hapa mjini, kaka yangu atakuwa na karatasi yenye njia na siku zetu, na kama hatujaonekana kwenye simu hadi Jumatano jioni, anajua aanzie ofisi gani.

Swali moja limebaki. Watu saba ndani ya Land Cruiser, mlinzi wa nane, na mizigo. Nani abaki?

Mama Kamalondo

Hakuna abakiye. Shemeji apande mara mbili. Mara ya kwanza mahema, maji na wanaume, mara ya pili wanawake na watoto. Ndivyo tunavyohamisha nyumba hata hapa mjini.

Mwalimu wa Likasi

Na katika mzunguko wa kwanza, mlinzi aende. Mahema yakishasimamishwa mahali pabaya hakuna anayekubali kuyahamisha. Yasiwekwe karibu na ukingo wa maporomoko. Majani huficha mahali mwamba unapokwisha, na watoto hukimbilia sauti ya maji. Kila mahali pa kupikia pasafishwe majani kwa hatua tatu kuzunguka, na ndoo ya maji isimame hapo mchana na usiku.

Papa wa Kampemba

Tumerudi jana, wote saba, na Sprinter haina hata mkwaruzo.

Nitaeleza machache. Shefu alitupokea vizuri, lakini hakuzungumza nami zaidi ya dakika tano. Alizungumza na mama mkwe kwa saa moja na nusu, wakiwataja watu ambao mimi sikuwahi kuwasikia, na mwishowe ikaonekana kwamba marehemu shangazi mmoja wa shefu alibatizwa siku moja na mama mzazi wa mama mkwe wangu. Baada ya hapo suala la malipo ya mlinzi wa gari lilikuwa jepesi.

Njia ya kupanda ilitushinda mara moja. Land Cruiser ilikaa juu ya jiwe kwa tumbo lake, tukaishusha kwa jeki na zile mbao mbili za Fundi. Sprinter isingepita hata theluthi ya kwanza, na nasema hivyo mbele ya wote. Wavu wa rejeta tuliusafisha mara sita katika siku moja, na mara moja tulikuta majani juu ya ekzosi yakiwa yameshageuka rangi ya kahawia.

Usiku wa pili baridi ilikuwa kali kiasi kwamba maji ya ile ndoo ya kuzimia moto yalikuwa yakiuma mkono asubuhi. Mtoto wangu wa kati aliomba mbabula iingizwe hemani. Mama yake alimsomea maandishi ya Mama Kamalondo kutoka kwenye simu, tuliyokuwa tumeyahifadhi, na alilala na chupa mbili za maji ya moto.

Lofoi ilikuwa na maji. Sitajaribu kuyaeleza. Mama mkwe alikaa juu ya kitambaa, mbali na ukingo kama Mwalimu alivyoagiza, kuanzia saa nne hadi saa nane, akakataa kula.

Makosa yetu: maji ya kunywa yalibaki lita 35, kwa hiyo tulibeba uzito wa bure, kifungulia makopo hakikuwapo, kwa sababu sikulala usiku wa majaribio nilioshauriwa, na betri ilikufa kijijini usiku wa mwisho, kwa kuwa kijana wa ulinzi alikuwa amewachajia simu rafiki zake wote. Fundi, nitaileta Jumamosi uipime. Shemeji ameuliza kama Julai mwakani tunaweza kwenda upande wa ziwa Tshangalele, ambako anasema hakuna mwinuko, na mama mkwe ameshauliza tarehe.